Amekosa eksoni moja, mwenzake amekosa tatu: kwa nini wa moja ndiye anayeumia zaidi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mwanangu wa kiume ana miaka sita. Alichelewa kutembea, anaanguka mara kwa mara, na akitaka kuinuka chini anajishika magoti kisha mapaja mpaka asimame. Kipimo cha damu cha CK kilitoka 14,000 na daktari akasema ni ugonjwa wa misuli wa Duchenne. Sasa majibu ya jeni yamerudi, yameandikwa amekosa eksoni ya 45. Kwenye kundi letu la wazazi yuko baba mmoja ambaye yeye mwenyewe amekosa eksoni tatu, 45 mpaka 47. Ana miaka 41, anatembea na anaendesha bodaboda. Inakuwaje aliyekosa moja aumie kuliko aliyekosa tatu? Halafu nimeona mtandaoni kuna dawa ya eksoni 45. Je, ndiyo ya mwanangu? (Mama, Tanga)

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Swali lako la kwanza liliwasumbua hata watafiti, mpaka mwaka 1988 lilipopata maelezo yanayoeleweka. Eksoni ni kipande cha jeni, na ugonjwa huu hauangalii sana ukubwa wa kipande kilichopotea. Unaangalia kama ncha mbili za protini ya msuli inayotokana na jeni hiyo bado zimeungana. Ili hilo likukae vizuri, nikuoneshe kwanza protini yenyewe na kazi yake.

Wewe ni wa Tanga, umeona ngalawa ikitia nanga. Kuna chombo, kuna amari, yaani kamba ya nanga, na kuna nanga iliyozama mchangani. Wimbi likija chombo kinayumba, lakini amari inakishika. Sasa chukua uzi mmoja wa msuli wa mwanao. Ndani yake kuna nyuzinyuzi za aktini na miosini zinazovutana, na huko ndiko nguvu inakotoka. Kwa nje umevikwa utando wa mafuta ulio mwembamba kama malai ya juu ya maziwa. Kila msuli unapokaza, uzi unafupika na kutuna, na utando ule unavutwa huku na huku. Utando wa mafuta peke yake hauwezi kustahimili mvuto huo maelfu ya mara kwa siku. Lazima ufungwe mahali.

Kamba inayoufunga ndiyo distrofini. Imekaa upande wa ndani wa utando. Ncha yake ya kwanza inashika aktini, yaani kiunzi cha ndani cha seli. Ncha ya pili inashika protini iitwayo beta-distroglikani, ambayo imepenya utando kutoka ndani hadi nje. Huko nje inapokewa na alfa-distroglikani, nayo inashika laminini, sehemu ya wavu mgumu unaozunguka kila uzi wa msuli. Kwa hiyo kuna mnyororo mmoja kutoka kiunzi cha ndani hadi wavu wa nje, na distrofini ndiyo amari. Kamba hizi hazikutawanywa ovyo. Zimejikusanya zaidi kwenye mistari inayoukata uzi wa msuli kwa upana, kama mataruma ndani ya jahazi. Wataalamu nao waliiona sura hiyo hiyo, wakaita mistari ile kostamea, kwa neno la Kilatini la ubavu.

Distrofini ni chache mno. Katika protini zote za msuli, yenyewe ni kama asilimia 0.002 tu. Ndiyo maana ilichelewa kuonekana. Daktari Mwingereza Edward Meryon aliangalia misuli ya wavulana wenye ugonjwa huu kwa hadubini, na mwanzoni mwa miaka ya 1850 akaandika kwamba vifuniko vya nyuzi zao vimevunjika. Hiyo ilikuwa kabla ya Mfaransa Guillaume Duchenne, ambaye jina lake ndilo lililobaki. Alichokiona Meryon kilikuwa sahihi kabisa, ila ilibidi kusubiri hadi 1987 ndipo kundi la Louis Kunkel na Eric Hoffman kule Boston lipate protini yenyewe na kuipa jina.

Hapo ndipo inapotoka ile 14,000 ya mwanao. CK, yaani kreatini kinasi, ni kimeng'enya kinachotakiwa kukaa ndani ya msuli. Kwa mtoto mzima wa afya, kinachovuja kwenye damu kwa kawaida hakizidi mia kadhaa. Utando ukichanika kinamwagika nje, na kalisiamu inaingia ndani kwa wingi na kuanza kuuharibu uzi. Mwili unaziba, unatengeneza nyuzi mpya, nazo zinachanika tena, mpaka mwishowe nafasi ya msuli inachukuliwa na mafuta na kovu. Kama vigimbi vyake vinaonekana vinene, hiyo nayo ni sehemu ya habari hiyo hiyo. Nikudokeze jambo moja hapa, kwa sababu nimeona wazazi wakisumbuliwa nalo. Vipimo vya ALT na AST, ambavyo wengi huviita vipimo vya ini, navyo hupanda kwa watoto hawa, kwa sababu vimeng'enya hivyo vimo pia kwenye misuli. Mtu akikuambia ini la mtoto lina shida kwa namba hizo peke yake, mkumbushe kwamba mtoto ana Duchenne.

Sasa tuiangalie kamba yenyewe. Distrofini ina asidi amino, yaani matofali ya protini, 3,685 zilizoungana mstari mmoja. Ncha ya mwanzo ina umbo la kushika aktini. Ncha ya mwisho ina umbo la kushika beta-distroglikani, na pembeni yake kuna sehemu ya kushika protini nyingine ndogo zinazopokea taarifa. Katikati, sehemu kubwa kuliko zote, ni misokoto 24 inayofanana, iliyofuatana, pamoja na bawaba nne za kukunjikia. Chukua uzi mmoja, ukunje mara mbili ili ulale tabaka tatu sambamba, kisha usokote tabaka hizo pamoja. Huo ni msokoto mmoja, wenye asidi amino kama 110. Uzi hauishii hapo. Unaendelea na kutengeneza wa pili, wa tatu, hadi wa 24. Kamba ya namna hii ina faida kubwa. Ikivutwa kwa nguvu, msokoto mmoja unaweza kufunguka kidogo na kujirudia, bila kamba nzima kukatika.

Msokoto huu si mali ya distrofini peke yake, umo katika ukoo mzima. Uligunduliwa kwanza kwenye spektrini, protini inayotandaza kiunzi chini ya utando wa chembe nyekundu za damu, ili chembe hizo zijipenyeze kwenye mishipa myembamba kuliko zenyewe na zitoke salama. Ndugu mwingine ni alfa-aktinini, mwenye misokoto minne tu. Huyu ndiye anayefanana zaidi na babu wa ukoo. Molekuli mbili za alfa-aktinini hulala kichwa kwa miguu, na kwa hiyo kila upande kuna mkono wa kushika aktini. Ndani ya msuli kazi yake ni kufunga nyuzi za aktini kwenye mstari Z, pale kipande kimoja cha kukaza kinapopakana na kingine. Alfa-aktinini ni fupi na imekakamaa, spektrini ni ndefu na inanyumbuka, distrofini ni ndefu na inafunga ndani kwa nje. Wote wamejengwa kwa msokoto ule ule, na kila mmoja amepewa urefu na ncha za kazi yake.

Alfa-aktinini inanikumbusha jambo linalotuhusu sisi wa Afrika Mashariki. Kuna aina yake ya tatu, ambayo kwa kawaida imo kwenye nyuzi za msuli zinazokaza kwa kasi tu. Duniani kuna zaidi ya watu bilioni moja wasiokuwa nayo kabisa, na hawaumwi chochote. Wengi walidhani siri ya wakimbiaji wa Kenya ingepatikana kwenye jeni hiyo. Walipopimwa, utafiti uliochapishwa 2007 ulionesha kwamba kwa Wakenya kuikosa ni nadra sana, kama asilimia moja, awe mkimbiaji au asiwe. Jeni hiyo haikueleza mbio zao. Ninachotaka ukione hapa ni kwamba anayekosa alfa-aktinini ya tatu haugui kwa sababu ndugu yake, ya pili, anashika nafasi. Bila shaka utajiuliza: mbona distrofini ikikosekana hakuna ndugu anayeshika nafasi? Nitakujibu muda si mrefu.

Kwanza turudi kwenye eksoni. Jeni ya distrofini iko kwenye kromosomu X na ina herufi zaidi ya milioni mbili. Seli huhitaji kama saa 16 kuinakili mara moja. Lakini zinazosomwa kutengeneza protini ni herufi 11,055 tu, zilizogawanyika katika vipande 79. Vipande hivyo ndivyo eksoni. Seli inakata yaliyo katikati, inaunganisha eksoni, kisha inasoma herufi tatu-tatu. Kila herufi tatu ni asidi amino moja.

Soma sentensi hii ya maneno ya herufi tatu:

LEO MTU ALE UJI

Ondoa neno zima, MTU. Inabaki LEO ALE UJI. Imefupika, lakini bado inasema kitu. Sasa rudisha MTU, halafu ondoa herufi yake moja tu, U, na uendelee kukata tatu-tatu kama seli inavyofanya. Unapata LEO MTA LEU JI. Safari hii umepoteza herufi moja badala ya tatu, lakini kuanzia hapo mpaka mwisho hakuna neno hata moja lenye maana.

Hivyo ndivyo ilivyo kwa mwanao na yule baba. Eksoni ya 45 ina herufi 176. Gawanya kwa tatu, zinabaki mbili. Eksoni ya 44 ikiungana na ya 46, usomaji umeteleza, na baada ya maneno machache ya ovyo seli inakutana na alama ya kusimama. Protini inakatikia katikati, ncha ya kushika beta-distroglikani haitengenezwi kabisa, na kipande kilichopatikana seli inakiharibu. Amari imebaki chomboni, nanga haipo. Yule baba amekosa 176, na 148, na 150. Jumla 474, ambayo ni 158 mara tatu, haibaki kitu. Baada ya pengo, usomaji unaendelea sawasawa hadi mwisho. Amari yake imekatwa kipande katikati na kufungwa fundo. Ni fupi kidogo, ina fundo, lakini upande mmoja uko kwenye chombo na upande wa pili uko kwenye nanga. Hali hiyo inaitwa Becker, kwa jina la daktari Mjerumani aliyeieleza mwaka 1955.

Kanuni hii inashika kwa wagonjwa kama tisa katika kumi. Mfano uliowashangaza wengi ulichapishwa 1990: mtu aliyekosa eksoni 17 hadi 48, karibu nusu ya protini nzima, na akiwa na miaka 61 bado alikuwa anatembea. Katika misokoto ile 24, mingi inaweza kuondolewa. Ncha haziondoleki.

Hata hivyo usimwone yule baba kama mzima. Sehemu ya katikati nayo ina kazi zake. Msokoto wa 16 na wa 17 ndipo panaposhikwa kimeng'enya cha kutengeneza gesi ya naitriki oksaidi, inayopanua mishipa ili msuli unaofanya kazi upate damu ya kutosha, na sehemu ya maelekezo ya misokoto hiyo imo kwenye eksoni ya 45. Halafu Becker huugusa moyo, mara nyingine kabla miguu haijachoka. Mwambie akapime moyo kila mwaka hata kama anajisikia vizuri.

Dawa uliyoiona mtandaoni ni kasimaseni, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2021. Hapa wazazi wengi wanakosea, kwa sababu jina linapotosha. Ni dawa ya kuifanya seli iruke eksoni ya 45, si ya kumrudishia eksoni hiyo aliyeikosa. Inamfaa, kwa mfano, mtoto aliyekosa ya 44 peke yake: 148 ukijumlisha na 176 unapata 324, inagawanyika kwa tatu, na sentensi inarudi kwenye mstari. Mwanao hana ya 45 ya kurukwa. Kwake yeye hesabu inakaa sawa ikirukwa ya 44, au ya 46, kwa sababu kila moja ina herufi 148. Dawa za kuruka eksoni ya 44 zimekuwa zikijaribiwa kwa watu, kwa hiyo namba ya kufuatilia ni 44. Zilizokwisha kuidhinishwa kule ni za kuruka 51, 53 na 45. Distrofini zinayorudisha ni ndogo kuliko tunavyotamani, na bei yake ni ya kutisha. Usikubali mtu akuuzie yoyote kati ya hizo tatu kwa ajili ya mtoto huyu. Hazimhusu.

Ipo pia tiba ya jeni. Kirusi kinachotumika kubeba jeni kina nafasi ya herufi kama 4,700, na distrofini inahitaji 11,055. Wanasayansi wakafanya kile alichowafundisha yule mtu wa miaka 61: wakatengeneza distrofini fupi yenye ncha zote mbili na misokoto michache. Iliidhinishwa Marekani 2023. Mwaka 2025 wavulana wawili waliokuwa hawatembei tena walifariki baada ya kupewa, ini likiwa limeshindwa. Njia ni sahihi kimantiki, lakini hatari yake ni ya kweli.

Sasa yule ndugu wa kushika nafasi. Yupo, anaitwa utrofini, na amefanana na distrofini karibu kila mahali. Mtoto akiwa tumboni, utrofini ndiyo inayotanda chini ya utando wa misuli. Kadiri kuzaliwa kunavyokaribia inajiondoa, na kubaki hasa pale mshipa wa fahamu unapokutana na msuli. Kwa watoto wenye Duchenne inarudi kiasi kwenye utando, lakini haitoshi, wala haina mahali pa kushika kile kimeng'enya cha naitriki oksaidi. Panya waliokosa distrofini tu wanaishi muda mrefu kiasi. Waliokosa zote mbili wanakufa mapema sana, na hapo ndipo ilipoonekana kwamba utrofini kweli inasaidia. Dawa moja ya kuiongeza ilifikishwa kwenye majaribio ya wavulana ikasitishwa 2018 kwa kutoonesha matokeo. Mimi bado naitazama njia hiyo kwa matumaini, kwa kuwa haijali mtoto amekosa eksoni gani.

Yapo mambo unayoweza kuyafanya leo, nayo yanatokana na muundo huo huo. Utando huchanika zaidi msuli unapokaza huku unarefushwa, kama mtu anaposhuka ngazi au mteremko au anaporuka na kutua. Kwa hiyo mwache acheze, aogelee, aendeshe baiskeli ya miguu mitatu, ila shuleni omba darasa la ghorofa ya chini, na mazoezi ya kuruka kichurachura asishurutishwe. Nyoosheni vifundo vya miguu kila siku kama mtaalamu wa fiziotherapia atakavyowaonesha. Muulize daktari kuhusu dawa ya prednisolone. Ina madhara ya uzito, mifupa na hasira, lakini huongeza muda wa kutembea, na akishaianza isikatwe ghafla hata siku moja. Moyo upimwe sasa hata kama hana dalili.

Na hili liandike kwenye daftari lake la kliniki kwa wino mwekundu: akihitaji upasuaji, hata wa jino, asipewe saksametoniamu, dawa ya kulegeza misuli, wala gesi ya usingizi ya halotheni. Utando usiofungwa humwaga potasiamu kwa ghafla chini ya dawa hizo, na moyo unaweza kusimama mezani.

Umeandika pia mwisho wa barua kwamba ukweni wanasema tatizo limetoka kwako. Jeni iko kwenye X, na mtoto wa kiume X yake huipata kwa mama, hilo ni kweli. Lakini karibu theluthi moja ya watoto hawa wana badiliko jipya ambalo mama hana. Na hata mama aliye nalo hakulichagua, kama ambavyo hakuchagua rangi ya macho yake. Pimwa, kwa ajili yako na dada zako, kwa sababu mwanamke mwenye badiliko hilo naye anahitaji kuangaliwa moyo.

Kabla ya yote hayo, rudi na karatasi ya majibu ukaulize kipimo kilikuwa cha aina gani. Seti za PCR, kipimo cha jeni cha kunakili vipande vilivyochaguliwa, zilizotumika sana zamani hazikupima eksoni zote 79, na ya 46 haikuwemo. Zilikuwa na uwezo wa kusema 45 haipo na 47 ipo, bila kujua habari za 46. Fanya hesabu mwenyewe: 45 peke yake ni 176, inabaki mbili. Kama na 46 haipo, ni 324, haibaki kitu, na hiyo inaelekea Becker. Dalili ulizoeleza, kwa umri huo, zinaelekea Duchenne, kwa hiyo sikupi ahadi yoyote. Lakini kama karatasi haisemi MLPA au kipimo kingine kinachohesabu eksoni zote, omba kirudiwe, na ukipata majibu niandikie.